Majina ya kienyeji ya mimea pori ya Uingereza, nishike lipi?

MpendaVichaka
Wakuu salama humu? Mimi niko Uingereza, kusini huku, nimejiunga na kikundi cha wazee wanaotembea mashambani wikendi, njia nzima wanataja majani ya pembeni. Shida yangu majina. Mmea mmoja, huyu anauita cuckoo-pint, mwenzake anasema lords-and-ladies, nikipiga picha simu inaniletea Kilatini, Arum maculatum. Na kila mtu kashikilia lake. Mi naandika kwenye daftari, sasa niandike lipi? Halafu haya majina yana maana yoyote au watu walijitungia tu, maana kuna moja linaitwa Jack-go-to-bed-at-noon, yaani Jack kalale saa sita mchana, nimecheka peke yangu kama chizi.

BiMajani
Karibu sana ndugu, umegusa penyewe. Yana maana tena nyingi ni maelezo kamili ya mmea, huyo Jack ua lake la njano linafunguka asubuhi likifika mchana linajifunga, ukipita jioni huoni kitu. Kuna Jack mwingine, Jack-by-the-hedge, huyo anakaa kwenye ua wa miti pembeni mwa mashamba na ukilifikicha jani lake linanuka kitunguu saumu. Kwahiyo jina linakwambia uutafute wapi au saa ngapi.

Hiyo cuckoo-pint ndo ina visa. Hilo "pint" ni kifupi cha neno la zamani la Kiingereza la uume, we iangalie Aprili au Mei ikichanua utaelewa bila kuambiwa 😄 Mizizi yake walikuwa wanatoa wanga wa kukazia zile kola kubwa za kujikunjakunja za enzi ya Malkia Elizabeth wa kwanza, na John Gerard, mtu wa mitishamba wa London, aliandika mwaka 1597 kwamba ni wanga mweupe safi kabisa ila unababua mikono ya wafuaji. Yaani bwana mkubwa ang'ae shingoni, dada wa kufua aote malengelenge. Zile tunda zake nyekundu usijaribu hata kuonja.

Kuna pia yenye "lady" mbele, kama lady's bedstraw. Huyo lady ni Bikira Maria. Ukikauka unanukia vizuri, watu walikuwa wanajazia magodoro.

Kojo_la_Simba
Mmeisahau dandelion! Jina lenyewe limetoka Kifaransa, jino la simba, sababu ya jani lake lenye meno. Ila Waingereza wa zamani waliita piss-a-bed, kikojozi kabisa, kwa kuwa inakojoza. Na Wafaransa nao leo wanaiita hivyohivyo, pissenlit. Sasa jina la heshima lipo Uingereza na la matusi limebaki Ufaransa, wamebadilishana 😂

Mzizi_Mkavu
Utani pembeni kidogo, kama mdau ana mpango wa kuchuma na kula basi majina ya kienyeji peke yake yatamuua. Dead man's fingers, vidole vya maiti, kuna watu waliita hivyo okidi za porini zisizo na shida, na kuna watu wanaita hivyo hemlock water-dropwort kwa sababu ya mizizi yake minene iliyofungana, na hiyo inaota kando ya vijito na ni moja ya mimea yenye sumu kali kuliko yote Uingereza. Jina moja, mmoja pambo mwingine kaburi.

Halafu cow parsley, yale maua meupe yanayojaa barabarani Mei, watoto walikuwa wanaambiwa inaitwa mother-die, ukiiingiza ndani mama yako anakufa. Watu wanasema ushirikina, mi naona kulikuwa na akili humo, kwa sababu inafanana sana na hemlock, mmea mwingine wa sumu, ile iliyomuua Socrates, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, na mtoto hatasikiliza somo la shina lenye madoa ya zambarau lisilo na vinyweleo, ila ukimtajia kifo cha mama yake hagusi. Na kung'oa mmea pori bila ruhusa ya mwenye ardhi ni kosa kwa sheria ya 1981, hilo nalo ujue.

MpendaVichaka
Duh, asanteni. Kula sina mpango, naandika tu. Basi nishike Kilatini yaishe?

BiMajani
Andika vyote, na pembeni weka nani kalitaja na katokea wapi, maana hapo ndo kuna utamu. Bluebell ya England ni ile ya msituni inayotandaza bluu chini ya miti, ukienda Scotland bluebell ni ua jingine kabisa, jembamba la nyasini, ambalo England wanaliita harebell. Mzee wa Scotland kwenye kikundi chenu atawachanganya wote na hajakosea.

Mzizi_Mkavu
Hapo Kilatini kinaamua, ndo maana Linnaeus, yule Mswidi aliyeipa mimea majina ya Kilatini ya maneno mawili, alihangaika 1753.

BiMajani
Kinaamua ila nacho hakitulii mkuu. Hiyo hiyo bluebell Linnaeus aliiweka Hyacinthus, wakaja wengine wakaipeleka Scilla, wengine Endymion, sasa iko Hyacinthoides. Muda wote huo bibi wa kijijini anasema bluebell tu.

Kojo_la_Simba
Bird's-foot trefoil nasikia ina majina zaidi ya 70, moja wapo kucha za bibi, granny's toenails. Daftari lako liwe nene.