Tumbe, Chwaka na Ngezi: niwaoneshe nini wanafunzi wangu kaskazini mwa Pemba?

Maalim wa Historia, Unguja

Assalamu alaykum ndugu zangu. Mimi ni mwalimu wa historia katika skuli moja ya sekondari hapa Unguja, na nakusudia, inshaallah, baada ya masika kuwapeleka wanafunzi wa kidato cha pili Pemba, upande wa Konde na Tumbe. Wanafunzi hawa wanaijua Mji Mkongwe vizuri, na kwa wengi wao historia ya visiwa vyetu inaanza na Sultani kuhamia kutoka Maskati. Nataka waone kwamba vijiji vya shamba vina historia kongwe zaidi. Nimesoma kwamba kuna magofu Chwaka (naisemea Chwaka ya Pemba, si hii yetu ya Unguja), na kwamba msitu wa Ngezi hauko mbali na hapo. Je, magofu hayo yanatosha kuwa kitovu cha safari, au watoto watayaona ni mawe matupu na kuchoka? Na vipi nipange msitu, pwani na kijiji chenyewe bila ya kuwakimbiza?

Mkaazi wa Konde

Waalaykumu salaam, Maalim. Magofu yanatosha kabisa, kwa sharti moja: usianze nayo.

Pale unapopaita Chwaka kuna miji miwili ya kale iliyopakana, na wageni karibu wote huuona mmoja tu. Wa kwanza ni Tumbe ya kale, iliyokaliwa kuanzia karne ya 7 hadi ya 10 hivi. Wa pili ni Chwaka, ulioanza katika karne ya 11 na kudumu hadi mwanzoni mwa karne ya 16. Chwaka ina misikiti na makaburi ya mawe, kwa hiyo ndiyo inayopigwa picha. Tumbe ya kale haina hata ukuta mmoja uliosimama, kwa sababu watu wake walijenga kwa miti na udongo, na leo ardhi yake ni mashamba. Hata hivyo ulikuwa mji mkubwa. Wanaakiolojia Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher walipochimba hapo mwanzoni mwa miaka ya 2000, walikuta vigae vya vyombo vyenye rangi ya buluu na kijani vilivyotoka Ghuba ya Uajemi, na pamoja navyo maelfu ya vigae vya vyungu vya hapa hapa vyenye mifereji, ambavyo vilitumika kusugulia vipande vya kome hadi vikawa shanga. Mifereji ile ni myembamba, na mtu akipitisha ncha ya kidole huihisi namna ilivyolika kwa kazi ya mikono iliyorudiwa kwa muda mrefu.

Kwa hiyo mimi ningewasimamisha wanafunzi kwanza katika lile shamba ambalo halina cha kuona, niwaeleze kwamba wamesimama juu ya mji, kisha ndipo niwavushe kwenda kwenye msikiti wa Chwaka. Mtoto aliyeelewa kwamba ukimya wa ardhi si ushahidi wa kukosekana watu, hatolitazama jiwe la mihirabu kwa jicho lile lile.

Liko na suala la chakula, nalo mimi naliona ndilo tamu kuliko yote. Masalia ya nafaka yaliyookotwa katika michimbo yanaonesha kwamba watu wa Tumbe walitegemea zaidi uwele, ilhali Chwaka mpunga ulikuja juu. Watoto watakuwa wamepita mabonde ya mpunga njia nzima wakitokea Chake, basi waulizeni mazoea haya ya wali yalianza lini. Jawabu litakuwa chini ya miguu yao.

Kuhusu kaburi la Haruni lililopo huko huko, masimulizi ya wazee yanasema kwamba alikuwa mtoto wa Mkama Ndume, yule mtawala wa Pujini aliyejenga ngome katika karne ya 15. Yaelezeni kama masimulizi, na muwaachie wanafunzi wajadili thamani yake. Ikiwa mna siku ya ziada, pitieni Pujini mnaporudi, maana iko karibu na Chake Chake.

Mpenda Msitu, Wete

Naunga mkono maneno ya ndugu yangu wa Konde, na naongeza juu ya Ngezi, kwa sababu naona watu wengi wanaupita msitu ule kwa gari wakikimbilia ufukwe wa Vumawimbi, jambo ambalo linanisikitisha.

Maalim, msitu huu nao ni sehemu ya somo lako la historia. Zamani sehemu kubwa ya magharibi mwa Pemba ilikuwa na msitu wa aina hii, na ulikatwa ili kupisha mikarafuu. Kimbunga cha mwaka 1872 kilipoangamiza mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo iliyobeba zao hilo, na miti ya asili ikazidi kuondoka. Ngezi, yenye ukubwa wa hekta 1,440 hivi, ni baki la msitu huo, na imehifadhiwa tangu miaka ya 1950. Ndani yake waoneshwe mivule mikubwa, na waoneshwe mpapindi, mnazi-pori mwembamba ambao asili yake ni Pemba. Yupo pia ninga wa Pemba, njiwa wa kijani asiyepatikana pahala pengine duniani.

Popo wa Pemba nao ni wa kwetu peke yetu. Akikunjua mbawa hufikia kiasi cha mita moja na nusu, na kwa kuwa anakula matunda, ndiye anayezitawanya mbegu za miti hiyo hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikaribia kutoweka kwa kuwindwa na kukosa miti ya kulala, na waliookoa hali ni wanavijiji wenyewe walioacha kuwawinda na kuyalinda makazi yao. Kijiji cha Kidike, baina ya Chake na Wete, ni mfano mzuri wa jambo hilo. Wapelekeni huko alasiri, popo wakiwa bado wananing'inia mitini, na wanafunzi wazungumze na wanakijiji.

Mama wa Tumbe

Maalim, karibuni sana kijijini kwetu. Nina mambo machache ya kukuusia.

Kabla ya kuja, wasiliana na Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale, na mkifika mwende kwanza kwa sheha, kwa sababu baadhi ya njia za kwendea magofuni zinapita katika mashamba ya watu. Wanafunzi wasiokote vigae, hata kimoja. Kigae kikishaondolewa pale kilipolala, hakuna mtaalamu atakayeweza tena kukisoma.

Pia msiondoke bila ya kufika dikoni. Tumbe ni kijiji cha wavuvi, na mnada wa samaki unategemea maji na upepo, hauna saa maalumu. Muulize mwenyeji siku moja kabla vyombo vinatarajiwa lini kurudi. Na maji yakipwa sana, wakati wa bamvua, mtawakuta akina mama pwani. Wanafunzi wa kike wazungumze nao, wataambiwa mengi ambayo hayamo vitabuni.

Maalim wa Historia, Unguja

Ahsanteni sana nyote, Mwenyezi Mungu akulipeni kheri. Nimeamua siku ya kwanza iwe ya Tumbe ya kale na Chwaka, tukianzia shambani kama nilivyoelekezwa, ya pili iwe ya Ngezi na Vumawimbi, na Kidike tupite alasiri tukirudi Chake. Diko nitaliacha bila ya saa, hadi nipate jawabu la mwenyeji. Je, mwezi wa Julai bahari inakuwaje kwa boti ya Mkoani?

Mkaazi wa Konde

Julai ni kusi, Maalim, na mkondo wa Pemba huchafuka. Walazimisheni watoto wale kitu chepesi kabla ya kupanda, na wakae upande wa nyuma wa boti. Mvua zitakuwa zimekwisha, na barabara ya udongo ya kuingilia Ngezi itakuwa imekauka.