Hotpoti zimelala stoo miezi nane: nibaki Kariakoo, nihamie Mbagala au nipeleke kwa ghala la wakala?

mama_vyombo

Wakuu habari za saa hizi. Nauza vyombo vya ndani Instagram na WhatsApp, duka sina, mzigo nautoa Guangzhou kwa meli tunachanga kontena na wenzangu. Stoo yangu ni chumba Kariakoo ghorofa ya tatu, laki tatu na nusu kwa mwezi na mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo, mkataba unaisha mwisho wa mwezi huu wa 11. Humo ndani nina CBM 9, yaani mita za ujazo. Tano zinatembea vizuri tu, glasi, chupa za chai, masufuria. Nne zilizobaki ndo zinanipa presha, ni hotpoti seti za vipande vitatu, niliagiza kwa ajili ya Ramadhani meli ikachelewa zikafika Idi imeshaliwa. Maruni na nyeusi ziliisha zenyewe, zambarau na kijani zimegoma, seti 150 zinanikodolea macho hadi leo. Seti moja hadi imefika mkononi imenigharimu 23,000, nauza 35,000.

Na kuna CBM 5 nyingine ziko majini zinafika wiki mbili zijazo, chumba kikijazwa hadi darini kinachukua 12 tu.

Nimepata njia tatu. Kwanza nilipe tena Kariakoo halafu niongeze kachumba kengine kwa ajili ya ziada. Pili nihamie Mbagala, kuna vyumba viwili kwenye nyumba ya shangazi laki na ishirini. Tatu kuna wakala ana ghala, anatunza, anafunga oda na kutuma, 1,500 kwa CBM kwa siku na 1,500 kila oda. Oda zangu ni kama 120 kwa mwezi. Nyie mnafanyaje?

winga_wa_mkunguni

Dada tupa bei hizo hotpoti, usiumize kichwa. Weka 24,000 machinga watazibeba zote siku moja. Hela ikae kwenye mzigo unaotembea. Rangi ikikataa imekataa.

hesabu_kwanza

Twende na namba kabla ya kutupa chochote. Laki tatu na nusu gawa kwa CBM 9 ni kama 38,900 kwa CBM kwa mwezi. Hotpoti CBM 4 zinakula 155,600, gawa kwa seti 150, kila seti inalipa "kodi" ya 1,037 kila mwezi hata kama imenyamaza. Miezi nane ni karibu 8,300. Faida yako ilikuwa 12,000, kwahiyo imebaki 3,700 na bado hujahesabu matangazo wala boda. Miezi mingine minne faida yote imeliwa na ukuta.

Ghala la wakala sasa. Ukipeleka zile CBM 5 zinazotembea tu ni 225,000 ya nafasi kwa mwezi, jumlisha oda 120 ni 180,000, jumla 405,000, na hotpoti bado ziko mgongoni kwako. Ukimpelekea zote 14 ni 630,000 ya nafasi peke yake. Wakala ni mzuri kwa mtu mwenye vitu vidogo vya bei kubwa, simu, saa, manukato. Hotpoti ni hewa tupu iliyozungushiwa plastiki, unalipia hewa.

kaka_wa_dallas

Mimi nauzia Amazon nikiwa huku Texas, mzigo unakaa kwenye maghala yao. Wao hili swala la umri wa mzigo wameliweka kwenye bei kabisa. Kwa viwango vya 2025 mzigo wa saizi ya kawaida unalipa dola 0.78 kwa futi moja ya ujazo kwa mwezi kuanzia Januari hadi Septemba, ikifika Oktoba hadi Desemba inaruka hadi 2.40 maana ndo msimu wanataka nafasi ya vitu vinavyotoka haraka. Juu ya hiyo ukivuka siku 180 kuna ada ya uzee, inaanza kidogo halafu inapanda kila baada ya mwezi, ukivuka mwaka inafika 6.90 kwa futi. CBM moja ni futi 35 na kidogo, kwahiyo CBM ya mzigo wa mwaka mzima ni kama dola 243 kila mwezi, na hapo bado ada ya kawaida. Tarehe 15 ya kila mwezi wanapiga hesabu ya umri.

Sasa nilichojifunza, siku ya 90 nashusha bei kidogo, siku ya 120 naweka matangazo, siku ya 150 kama bado basi nauza kwa bei ya kununulia au naomba wanirudishie. Kuna na njia ya kuwaachia wauze kwa jumla kwa wanunuzi wa mabaki, unapata kama asilimia 5 hadi 10 ya bei yako ya kuuzia, inauma ila kuna siku inauma kidogo kuliko ada.

winga_wa_mkunguni

Kaka wa Dallas bwana 😂 mwenzio anaongelea chumba kwa shangazi Mbagala wewe unamletea futi za ujazo

kaka_wa_dallas

Hahaha cheka tu mkuu ila stoo ya Kariakoo nayo ina ada ya uzee, tofauti yake hakuna anayekutumia bili.

pazia_na_zulia

Mi napingana na hesabu_kwanza kidogo. Ile 1,037 ni ya kwenye karatasi. Kodi ya chumba ni ileile chumba kikiwa kimejaa au kina katoni moja, akiziuza hotpoti zote leo kwa hasara mwenye nyumba hapunguzi hata mia. Mzigo uliolala unakula hela pale tu unapoziba nafasi ya mzigo mwingine. Swali ni je unaziba? Kwa huyu dada unaziba, ana 9 zinakuja 5 ni 14, chumba 12. Zimezidi 2 tu. CBM 2 ni nusu ya hotpoti, seti 75. Atoe 75, labda 90 ili apate na pa kukanyaga, zingine azisubirishe. Kwanini atupe zote 150 wakati Ramadhani inatarajiwa kuanza kama tarehe 18 au 19 mwezi wa pili 2026, miezi mitatu tu hapo mbele, na hotpoti ndo kitu cha futari?

hesabu_kwanza

Hapo umenishika, sikuiangalia hivyo. Akisubiri akauza hata 32,000 anapata 8,000 zaidi ya bei ya machinga. Ila hiyo ni kama zitatoka, zambarau iliyokataa mwaka huu sioni itapendwa vipi mwakani.

shiro_kamukunji

Sasa mimi niko Nairobi, stoo yangu iko pande za Kamukunji kwa vyombo. Hapa tulishaacha kushusha bei ya kitu yenyewe, mteja akiona imeshuka anangoja ishuke tena, na wale walinunua na bei ya kwanza wanakuja kukutusi kwa komenti. Mimi naifunga na kitu inatembea. Mtu akinunua seti ya glasi naongeza hotpoti kwa bei ya chini, ama ile kubwa peke yake na miiko. Hiyo seti ya vipande vitatu ivunje, uza moja moja, kuna mtu anataka ndogo tu ya ugali ya watu wawili. Na za zawadi, vikundi vya chama wananunua kumi kumi wakienda kuona mtoto.

mama_vyombo

Shiro asante mpenzi, kuvunja seti sikuwahi kuwaza. Vipi kuhusu mali kauli? Kuna wenye maduka watatu Tandika na Manzese wako tayari kuchukua, wauze ndo wanilipe.

hamisi_stoo

Mali kauli dada mpe mtu unayejua hadi kwa mama yake. Mimi nilimpa mtu mabeseni 200, nikifuata hela naambiwa hayajauzwa, nikifuata mabeseni yamekaa juani nje ya duka yamepauka upande mmoja. Ukitoa andika idadi, bei, na tarehe ya kurudisha, wote wawili msaini, na kila wiki pita uyahesabu kwa macho yako.

Mimi nimefanya kazi ya stoo miaka mingi, naongezea hivi. Shida kubwa ya wauzaji wa mtandaoni ni kupanga. Mzigo mpya ukija unawekwa mlangoni, wa zamani unasukumwa ukutani, oda ikija kijana anachukua cha karibu, basi cha ukutani kinazeekea hukohuko hadi mwenyewe unasahau kama unacho. Shika makapeni andika tarehe ya kuingia kwenye kila katoni, upande unaoonekana, na cha zamani ndo kikae mlangoni. Halafu weka mbao au paleti chini, joto la Dar na unyevu katoni ya chini inalegea ile ya juu inadondoka. Bora wewe una hotpoti hazina roho. Kuna jamaa alitunza raba mwaka na nusu, hazijavaliwa hata mara moja, soli zikaanza kumeguka kama mkate mkavu. Vipodozi ndo usiseme, tarehe ikipita hata bure hugawi.

kodi_na_mapato

Kwenye hiyo miezi sita msisahau kodi ya zuio. Mfanyabiashara ukilipa pango unatakiwa ukate asilimia 10 uipeleke TRA, kwa 2,100,000 ni 210,000. Wenye nyumba wengi wanataka yao kamili mkononi, matokeo yake ile kumi unaitoa wewe mfukoni. Ongea naye kabla hujasaini, sio baada. Na kwa shangazi napo andikishaneni, undugu na stoo vinagombana mapema sana.

boda_parcel_dsm

Mbagala mi naona usihamie. Nabeba vifurushi kila siku, wateja wako wa mikoani mzigo unaenda kwenye basi, na mabasi mengi yako Mbezi stendi ya Magufuli. Mbagala hadi Mbezi ni safari, na mtu wa Kariakoo akisema nakuja kuchukua mwenyewe hatakufuata Mbagala. Laki mbili na thelathini unayookoa kwenye kodi itaishia kwetu sisi 😅

pazia_na_zulia

Basi kwa shangazi apaombe pa kulaza zile za Ramadhani tu. Vitu ambavyo hugusi miezi mitatu vikae mbali na bei rahisi, vinavyotoka kila siku vikae mjini.

mama_vyombo

Wakuu narudi na mrejesho, ni wiki ya tatu sasa. Nimebaki Kariakoo, mwenye nyumba kakubali miezi mitatu mitatu baada ya kumbembeleza sana, ile kumi ya TRA tumegawana nusu kwa nusu. Kijani 60 nimemuuzia jamaa wa mnadani kwa 24,500, nilitaka 26 akakaza. Seti 28 nimezivunja kama Shiro alivyosema, zile ndogo ziliisha siku mbili, kubwa zinasuasua. Mali kauli nimempa mmoja tu wa Tandika seti 10 na tumesaini. Kwa shangazi nimepeleka katoni za zambarau, seti 52, kaniambia na yeye achukue moja sikuweza kukataa kwahiyo 51. Mzigo mpya umeingia na mlango unafunga.

neema_kamati

Samahani nimesoma huu uzi wote kimyakimya. Hizo zambarau zina mfuniko wa dhahabu au wa kawaida? Tuna kitchen party ya mdogo wetu tarehe 20 na rangi ya kamati ni zambarau, tunahitaji 40 za kuwapa wageni wa meza kuu na mashangazi. Bei gani?

mama_vyombo

Mfuniko wa dhahabu mamy. Njoo inboksi

winga_wa_mkunguni

Aaah "njoo inboksi" tena, si useme bei hapahapa tuone 😂

mama_vyombo

35,000. Na sishushi.