Eti "kwani humo mlikuwa na cha maana?" Huyu mtu wa IT atanizika kabla ya tarehe 20

Zabibu_Chungu (mleta uzi)

Wakuu salaam. Kama umekuja kuniambia nipunguze jazba, pita moja kwa moja. Leo ni povu tu.

Kuna kiumbe hapa Dodoma anajiita mtu wa IT. Jina simtaji, wala hakuna haja. Kama umewahi kufanya kazi ofisi yoyote kuanzia Area D mpaka Mtumba, unamjua. Yule wa rundo la funguo kiunoni, funguo ambazo hakuna aliyewahi kuona zikifungua mlango. Yule anayejibu "ni mtandao" hata ukimwambia kiti kimevunjika mguu. Huyo huyo.

Sasa huyu bwana leo, mbele ya bosi, mbele ya wakaguzi, mbele ya watoto wa fildi kutoka UDOM walioletwa wajifunze kazi kwetu sisi wakubwa, ameniuliza huku anachokonoa meno na kijiti: "Kwani dada, humo mlikuwa na cha maana?"

CHA MAANA!

Ngoja nianze mwanzo maana mikono inatetemeka. Alipelekwa semina Arusha, wakamlisha habari za usalama wa data, akarudi na kofia, kikombe na wazimu. Ijumaa jioni watu tumeshaondoka, akaikalia kompyuta ya uhasibu, akawasha BitLocker, kile kifungio cha Windows kinachofunga diski nzima, akaweka paswedi ya kuwashia mashine. Paswedi kaitunga mwenyewe. Hakumwambia mtu, eti ndiyo usalama wenyewe. Jumatatu nafika, nawasha, inataka paswedi nisiyoijua. Namwita. Anakuja kwa mwendo wa bwana harusi. Anaandika, inakataa. Anaandika tena, inakataa. Kidole kikaanza kuzungukazunguka juu ya Caps Lock, hakibonyezi, kinazunguka tu, halafu akatazama dari. Mtu wa IT akitazama dari, jamani, andaeni matanga.

Akabonyeza Esc. Skrini ikawa bluu, ikadai ufunguo wa tarakimu 48. Tokeni ya LUKU ina tarakimu 20 na baba mwenye nyumba wangu hukosea mpaka anavua miwani, sembuse 48! Nikamuuliza ufunguo uko wapi. "Niliprinti." Uliprinti ukaweka wapi? "Si niliacha pale kwenye trei ya printa." Kwenye trei! Pale ambapo kila jioni dada wa usafi hukusanya karatasi za upande mmoja akampelekea mama maandazi wa getini.

Hapo ndipo bosi na wageni wake wakaingia. Bosi akauliza kulikoni. Yule bwana akahamisha kijiti kutoka shavu la kushoto kwenda la kulia, akasema, "Hakuna tatizo mkuu, tunapiga windo, inarudi mpya." Nikasema hatupigi windo, vitu vyangu vyote vitafutika. Ndipo akanigeukia. Kwani dada, humo mlikuwa na cha maana?

Humo mna ritani ya VAT inayotakiwa tarehe 20, na leo ni tarehe 18. Humo mna mishahara ya ofisi nzima, wa kwake ukiwemo. Humo mna madai yake ya posho ya hiyo hiyo semina ya Arusha, ambayo sijaipitisha, na sasa naapa mbele yenu wote ataisubiri mpaka Hombolo pawe bandari.

Na mtoto mmoja wa fildi alicheka. Nimemwona.

Mzee_wa_Ihumwa

Nimecheka kama mazuri. Pole sana dada. Ila hebu tuulizane, ni yule mwenye tai fupi inayoishia kifuani? Kama ndiye, alipita kwetu, akaondoka na waya wa projekta mpaka leo.

Kisasa_Juu

Mzee, huyo siye. Wa tai fupi yuko kwetu, na hapa ninapoandika yuko kwenye meza yangu anakula mhindi.

Zabibu_Chungu

Ndiye. Wote ni yeye.

Mtoto_wa_Nkuhungu

Mleta uzi, tuweke ushabiki pembeni. Kwani kweli humo mlikuwa na cha maana? 😂😂

Zabibu_Chungu

Modi, naomba huyu apigwe kifungo cha maisha.

Fundi_Diski

Dada pole. Nitasema mara moja halafu muendelee kuchekana.

Kwanza, usikubali apige windo. Akipiga windo utarudishiwa mashine, hutarudishiwa ritani. Hivyo ni vitu viwili tofauti na yeye anavichanganya kwa makusudi ili akalale.

Pili, asije na mbwembwe za kuchomoa diski na kuichomeka kwenye mashine nyingine. Kilichofungwa ni data zenyewe ndani ya diski, kwa hiyo hata ukiipeleka Marekani itadai ufunguo ule ule. Wala asichomoe betri ndogo ya ubao mama. Hiyo ni janja ya paswedi za zamani za bayosi, kwa BitLocker haifui dafu.

Tatu, ule ufunguo haukai kwenye trei ya printa tu. Wakati wa kuwasha BitLocker inakuuliza uuhifadhi wapi: kwenye akaunti ya Microsoft, kwenye flashi, kwenye faili au kwenye karatasi. Na kama mashine zenu zinasimamiwa na seva ya ofisi, inawezekana nakala iko huko. Kwenye skrini ya bluu kuna utambulisho wa ufunguo. Chukua herufi nane za mwanzo, linganisha na funguo zozote utakazozikuta, usije ukaandika ufunguo wa mashine ya mapokezi.

Vyote hivyo vikikosekana, hakuna fundi hapa mjini wala Kariakoo atakayeivunja. Akikwambia anaweza, analitaka lile bahasha tu.

Mzee_wa_Ihumwa

Jaribuni 123456 mara nane. Watu wa IT hawana akili ya kuzidi hapo.

Fundi_Diski

Mzee, ule ufunguo hujitungii mwenyewe, mashine ndiyo inautoa. Ni makundi nane ya tarakimu sita sita, na kila kundi lazima ligawanyike kwa 11 bila kubaki. 123456 inabakiza 3. Itakukatalia kundi la kwanza tu, hata hujafika la pili.

Mzee_wa_Ihumwa

Basi 111111.

Fundi_Diski

...hiyo inagawanyika.

Mzee_wa_Ihumwa

Sisi wa shule za zamani hatukufundishwa kwa projekta. Ambayo waya wake umeibwa.

Mama_Wawili_Makole

Mbukwa wapendwa. Dada, nenda kwa mama maandazi kabla hajafungia wateja wa saa nne. Mimi mwenzenu nilishanunua vitumbua vimefungwa kwenye barua ya onyo ya shemeji yangu. Ndivyo tulivyojua hana kazi tangu Mei.

Zabibu_Chungu

Nimekwenda. Mama anasema rundo la Ijumaa limeisha asubuhi. Na nimerudi nimemkuta yule bwana kakaa kwenye kiti CHANGU anawaelezea watoto wa fildi umuhimu wa bakapu. Bakapu! Mtu aliyeniuliza kama humo mlikuwa na cha maana! Na kijiti ni kile kile.

Afisa_Mstaafu_Kikuyu

Vijana mnalalamika sana. Enzi zetu tulikuwa na leja. Leja haisahau paswedi.

Mtoto_wa_Nkuhungu

Mzee, leja ililiwa na mchwa.

Afisa_Mstaafu_Kikuyu

Mchwa haulizi kama mlikuwa na cha maana.

Kisasa_Juu

🤣🤣 Uzi ufungwe hapa, mzee kamaliza.

Ila dada kwa heshima zote, yako ni afadhali. Kwetu mtu wa IT kabadilisha paswedi ya waifai, kaibandika ukutani ndani ya chumba cha bosi, na bosi yuko safari. Tunaingia mmoja mmoja kupitia dirishani. Juzi kanaswa mama wa masijala, katikati, nusu ndani nusu nje, na mgeni anapita anamsalimia shikamoo.

Binti_Area_C

Waifai! Sisi mkutano wa wadau, projekta ikaonyesha ujumbe wa mchepuko wa mwenyekiti wa kamati. Mtu wa IT badala ya kuchomoa waya, akakuza maandishi ili yasomeke nyuma.

Mzee_wa_Ihumwa

Kumbe waya wa projekta uko kwenu!

Zabibu_Chungu

Mnaniharibia uzi wakuu. MREJESHO: karatasi imeonekana! Maandazi yake aliyanunua mlinzi wa getini, na kwa kuwa mlinzi hatupi kitu, kaitunza anaandikia namba za magari yanayoingia. Tatizo, kundi la sita limelowa mafuta. Tarakimu tatu za mwanzo zinasomeka, tatu za mwisho hazionekani hata ukiweka kwenye mwanga wa dirisha. Nimemwonyesha yule bwana. Kaishika kwa ncha za vidole, kanusa (KANUSA), kasema, "Hii haifai, tupige windo tu."

Fundi_Diski

Subiri! Asiguse kitu. Umeshasahau habari ya 11? Tarakimu tatu za mwisho zinaweza kuwa chochote kuanzia 000 mpaka 999, yaani elfu moja. Lakini zinazolifanya kundi ligawanyike kwa 11 hazizidi 91. Chukua Excel kwenye mashine nyingine, ipe ikuandikie zote, kisha mnajaribu moja moja na yale makundi saba mengine kama yalivyo. Ni kazi ya kuchosha lakini ina mwisho.

Na anayeandika awe yeye. Tarakimu zote 48, kila jaribio.

Mama_Wawili_Makole

Fundi, Mungu akubariki. Na kijiti aweke chini.

Binti_Area_C

Wakuu samahani natoka nje ya mada kidogo. Kuna mtu anamfahamu dalali wa Ilazo, yule wa pikipiki nyekundu? Kanionyesha chumba, nimempa hela ya kuonyeshwa, leo narudi na mizigo nakuta yumo mtu mwingine anapika mlenda.

Kisasa_Juu

Wa pikipiki nyekundu namjua! Kanipeleka nyumba, "master" eti. Choo kiko nje kwa jirani. Nilipouliza akasema jirani ni mtu mzuri.

Mtoto_wa_Nkuhungu

Tangu serikali ihamie huku madalali wamekuwa na vyeo kuliko wakurugenzi. Kodi ya miezi sita mkononi, mwezi mmoja wa dalali, na bado mwenye nyumba anakuuliza una watoto wangapi na kama wanalia.

Zabibu_Chungu

IMEFUNGUKA wakuu!!! Bwana mkubwa kaandika mpaka jasho limelowesha kofia ya semina. Ritani ipo, mishahara ipo, kila kitu kipo. Nimeshanakili kwenye flashi na ufunguo nimeuandika kwenye kitabu changu cha kabatini. Na mnajua alichosema ilipofunguka? Kamgeukia bosi: "Si nilikwambia mkuu, hakuna tatizo." Na bosi KAMPA MKONO! Mkono! Mtu aliyesimama pale pale akauliza kama humo mlikuwa na

Zabibu_Chungu

Simu imejituma yenyewe. Nasema, aliyeuliza kama humo mlikuwa na cha maana kapewa mkono!

Mzee_wa_Ihumwa

Hongera dada. Haya wakuu, turudi kwenye mada. Binti, huyo dalali alikupa risiti?

Binti_Area_C

Risiti ya nini mzee, alinipa namba ya simu na haipatikani.

Afisa_Mstaafu_Kikuyu

Enzi zetu nyumba ulipewa na mwajiri.

Kisasa_Juu

Mzee tafadhali.

Zabibu_Chungu

Kuna mtu anasoma nilichoandika?

Mama_Wawili_Makole

Tunasoma mpenzi, posho yake usipitishe. Binti, njoo Makole, nina chumba cha uani, maji yapo, choo cha ndani kabisa. Ila uniambie kwanza, una watoto wangapi?