Tiketi za skii za msimu wametuuzia, taa za jioni wamezima! Walioko Minnesota tusaidiane

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Niko Minnesota mwaka wa 11 sasa. Mimi nalea wazee, mke wangu yuko hospitali zamu za usiku. Binti yetu ana miaka 12 na amependa skii, ile ya kushuka mteremko wa theluji, mpaka analala na miwani yake. Mwezi wa nne, bei ikiwa chini, tukamnunulia tiketi ya msimu kwenye kilima kimoja karibu na kwetu. Walituahidi kilima kitakuwa wazi kila siku mpaka saa tatu usiku. Desemba, theluji imeshatanda, ikaja barua pepe: Jumatatu hadi Alhamisi tunafunga saa kumi jioni, wafanyakazi hawatoshi. Pesa hairudishwi.

Kwa msiojua huku, Desemba jua linazama saa kumi na nusu. Shule inatoka saa tisa. Mpaka mtoto afike nyumbani, abebe buti, tuendeshe dakika 25, tunakuta geti limefungwa. Hiyo tiketi sasa ni ya nani? Ni ya mwenye nafasi ya kwenda saa nne asubuhi siku ya kazi. Mtoto wa mpiga zamu hayumo.

Imebaki Ijumaa na wikiendi. Jumamosi iliyopita lifti za viti za kupandisha watu kileleni zipo tatu, inazunguka moja. Foleni dakika 40, kushuka hakufiki dakika moja! Tumekaa saa nne nzima, mtoto kashuka mara tano. Msimu uliopita, jioni moja tu ya taa, kwa ile kamba ya kuvuta, unayoishika ikupandishe juu, alikuwa anashuka mara 30 na zaidi. Glavu zilikuwa zinatoboka kwa msuguano wa kamba na mimi nanunua nyingine kwa furaha.

Vilima vya huku ni vifupi, hilo kila mtu anajua. Buck Hill pale Burnsville kimo chake ni futi 310 hivi, hata mita 100 hazifiki. Mimi nimezaliwa Moshi, najua mlima ni nini. Lakini Lindsey Vonn alijifunzia hapo hapo Buck Hill, kwa kocha Erich Sailer, kupanda na kushuka, kupanda na kushuka. Akaenda kuchukua dhahabu ya Olimpiki Vancouver 2010 kwenye mbio za kushuka mlima, na alipostaafu 2019 alikuwa na ushindi wa mbio 82 za Kombe la Dunia la skii. Nguvu ya kilima kifupi ni kurudia rudia, na mtoto wa shule anarudia jioni. Ukizima taa, umebakisha nini pale?

Na msiniletee habari za hali ya hewa. Msimu wa 2023–24 niliwaelewa, maana theluji iligoma na mashine za kutengeneza theluji bila baridi hazifanyi kitu. Hata Birkebeiner, zile mbio kubwa za skii za Wisconsin, Februari 2024 watu walizunguka njia ya kilomita 10 ya theluji ya mashine. Mwaka ule sikudai hata senti. Mwaka huu baridi ipo, theluji ipo, nguzo za taa zimesimama. Tangazo lao la kazi nimelisoma: mshahara wa kusimamia lifti uko chini ya ule wa kituo cha mafuta ng'ambo ya barabara. Nani ataenda kusimama kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa pesa hiyo?

Nimepiga simu mara tatu. Anayepokea yuko jimbo lingine, na aliniomba nimtajie herufi za jina la kilima chao wenyewe.

Wakuu, kuna aliyewahi kurudishiwa pesa kwa kulalamika benki, kupitia kadi? Walihitaji vielelezo gani? Na wenye watoto Hyland Hills kule Bloomington, ambayo ni mali ya umma, jioni za katikati ya wiki zipo bado? Niambieni na bei, mwezi wa nne sirudii kosa.