Rabi hurithi, huchaguliwa au husomea? Habari ya Gershom Sizomu wa Mbale

Mwanafunzi wa Dini (Morogoro):
Hamjambo ndugu zangu. Ninasomea historia ya dini, na sasa nimefika kwa Abayudaya, yaani Wayahudi wa Uganda wanaoishi vijiji vya karibu na Mbale. Mwanzo wa jumuiya yenyewe umenielea: Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewatumikia Waingereza kisha akavunjika moyo nao, alisoma Agano la Kale kwa makini hata akakata shauri kwamba tohara ni amri isiyokwepeka, akatahiriwa pamoja na wanawe mwaka 1919. Kinachonitatiza ni habari ya Gershom Sizomu. Ninasoma kwamba aliiongoza jumuiya hiyo tangu ujana wake, kisha ninasoma kwamba alipata urabi mwaka 2008 mjini Los Angeles. Kama tayari watu walikuwa wakimfuata, alikwenda kutafuta nini ng'ambo miaka yote hiyo? Padri hupewa daraja na askofu, na sheikh hutambuliwa na walimu wake. Rabi yuko upande upi?

Mzee wa Maktaba:
Ndugu mwanafunzi, rabi yuko karibu zaidi na sheikh. Neno lenyewe kwa Kiebrania maana yake ni "mwalimu wangu". Kuhani wa Kiyahudi ni jambo jingine kabisa, kwa sababu ukuhani huenda kwa damu katika ukoo wa Haruni, na mtu hawezi kuusomea hata akeshe na vitabu. Kuongoza sala nako si kazi ya rabi peke yake. Wakipatikana watu wazima kumi, yeyote miongoni mwao anayeijua ibada anaweza kusimama mbele. Ndiyo maana Abayudaya waliweza kuishi kwa miongo mingi wakiwa na wazee wao na kitabu cha sala na kanuni alichokitoa Kakungulu kwa Kiganda mwaka 1922, bila shule yoyote ya marabi.

Rabi huhitajika pale jambo linapotaka hukumu: nyama hii ni halali au si halali, talaka hii imetimia au haijatimia, mtu huyu ameingia Uyahudini au bado. Anayetoa hukumu ya namna hiyo sharti naye awe amepewa idhini na marabi waliomtangulia, baada ya kumpima.

Jirani wa Nabugoye:
Naomba niongeze kidogo, kwa kuwa nimekulia huku na kilima cha Nabugoye, penye sinagogi ya Abayudaya, nakiona kila siku. Msiseme Sizomu aliongoza kwa bahati tu. Babu yake, Samson Mugombe, alikuwa mmoja wa viongozi wa jumuiya hiyo, na nyumba yao ilibeba dini katika miaka ya Idi Amin, ambapo Uyahudi ulipigwa marufuku na sala zikaswaliwa chumbani kwa sauti ya chini. Inasimuliwa kwamba baba yake alikamatwa kwa kosa la kujenga kibanda cha sikukuu ya vibanda, kile cha matawi ambacho Torati inaagiza watu wakikalie, akaachiwa baada ya kutolewa mbuzi watano. Wengi walihamia Ukristo au Uislamu ili wapate kuishi. Kampala ilipotekwa na Amin kuangushwa mwezi Aprili 1979, siku hizo hizo ikaingia Pasaka ya Kiyahudi, ukumbusho wa Waisraeli kutoka utumwani Misri, na waliobaki waliuona huo kuwa wokovu wao wenyewe kutoka Misri.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 vijana wa jumuiya, Sizomu akiwa mmoja wao, walikwenda kuishi pamoja pale kilimani ili kuihuisha dini ya babu zao. Nyimbo nyingi wanazoimba hadi leo zilitokana na kizazi hicho. Mimi ni Mkristo, lakini jioni moja ya Ijumaa nilialikwa: unavua viatu mlangoni, unakaa, na zaburi inaanza kwa Kiganda huku gitaa likifuata taratibu, kisha wimbo unageukia Kiebrania bila mtu yeyote kushtuka.

Mwanafunzi wa Dini:
Ahsanteni sana. Lakini hapo ndipo ninapozidi kutatizika. Mtu ana ukoo, ana mateso ya utotoni na ana nyimbo alizozitunga mwenyewe. Nani mwingine angemshinda kwa sifa?

Mzee wa Maktaba:
Tazama mwaka 2002. Marabi kutoka ng'ambo walikuja wakaketi kama mahakama, wakawahoji watu wapatao 400 mmoja mmoja, kisha wakawazamisha katika maji ili Uyahudi wao utambulike na Wayahudi wa kwingineko. Mahakama hiyo hutaka waamuzi watatu, na kilima kizima hakikuwa na hata mmoja mwenye idhini ya kuketi. Viongozi wenyewe walisimama mbele ya wageni kama watu wengine. Wako waliokataa, wakisema kwamba walikwisha kuwa Wayahudi tangu babu zao, na kwa maoni yangu uchungu wao ulikuwa wa haki. Mwaka uliofuata Sizomu alihamia Marekani na familia yake kwenda kusoma. Sidhani kwamba miaka hiyo miwili ilifuatana kwa bahati.

Muuguzi wa Los Angeles:
Shule aliyosoma iko huku ninakoishi: ni Shule ya Marabi ya Ziegler, ya Konsavativu, mmoja wa mikondo ya Uyahudi. Wakati wake masomo yalichukua takriban miaka mitano, na mwaka mmoja ulitumika Israel. Sehemu kubwa ni Talmudi, mkusanyo wa mijadala ya marabi wa kale juu ya sheria, ambayo imeandikwa kwa Kiaramu kilichochanganyika na Kiebrania, na husomwa wawili wawili, kila mmoja akimpinga mwenzake mpaka maana ipatikane. Lakini wanafunzi wa urabi hufundishwa pia kuwahudumia wagonjwa na wafiwa. Hospitalini kwetu nimewaona mara nyingi. Mmoja aliingia chumbani kwa bibi aliyekuwa anakata roho, akavuta kiti, akakaa karibu saa nzima bila kufungua kitabu. Nilimwuliza baadaye kwa nini hakusali, akanijibu kwamba bibi hakuwa ameomba sala, alikuwa ameomba mtu wa kukaa naye.

Jirani wa Nabugoye:
Aliporudi mwaka 2008 alitawazwa hapa nyumbani, mbele ya umati ambao wengi wao hawakuwa Wayahudi, na mwaka huo huo watu wakaanza kufika kuingia Uyahudini, safari hii yeye akiwa miongoni mwa waamuzi. Hata hivyo si wote walio chini yake. Kijiji cha Putti kilichagua njia ya Wayahudi wa Othodoksi, mkondo unaoshika sheria kwa ukali zaidi, ambao hawautambui urabi wa mkondo wake. Mwaka 2016 wapiga kura wa jimbo la Bungokho Kaskazini, ambao kwa sehemu kubwa ni Wakristo na Waislamu, walimpeleka Bungeni. Katika miaka yake ya ubunge, ukitaka kumwona ulilazimika kwanza kuuliza kama yuko Kampala, au kungoja Ijumaa jioni.