Re: Ghorofa ya 19 Sharjah, hewa nzito na ukungu kabatini

Assalaam alaykum jamani. Tumehamia Sharjah tangu Juni. Kila asubuhi tunaamka vichwa vinatuuma, mtoto anakohoa, na kanzu kabatini zimeanza kunuka ukungu. Kiyoyozi kinawaka usiku kucha, nimekiweka 18. Ninunue mashine ya kusafisha hewa?

---

Waalaykum salaam mdogo wangu. Mashine isubiri kwanza. Kiyoyozi cha ukutani hakileti hewa ya nje. Kinavuta ileile ya chumbani, kinaipoza, kinairudisha. Mkilala wanne na mlango umefungwa, mnavuta pumzi za wenzenu mpaka alfajiri. Mimi niliweka kipimo cha hewa ukaa, ile tunayoitoa tukipumua, chumbani kwetu: nje huwa kama sehemu 420 katika milioni, sisi saa kumi na moja alfajiri tulishapita 2,000. Tangu hapo mlango wa chumba haufungwi usiku, na feni ya chooni inavuta muda wote.

Na udi, dada. Najua Alhamisi haipiti bila chetezo. Lakini Unguja madirisha yako wazi, moshi unajiendea zake. Huku vioo vimefungwa, na vile vidonge vya makaa vinatoa kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Fukiza nguo dirisha likiwa wazi, kisha makaa yazime kwa maji. Usiyaache yafie chumbani watoto wamelala, tafadhali sana.

Ukungu ni habari ya unyevu. Ukiweka 18, kuta zinapoa mno, na hewa ya nje ikipenya inatoa jasho juu yake. Panda 24. Toa chujio ulione kwenye mwanga. La kwetu vumbi lilikuwa limeshikana kama sufi ya mto. Lioshe kila wiki mbili. Kisha mulika tochi ndani: ukiona madoa meusi, ita fundi aoshe koili, yale mabomba ya ndani yanayopoza hewa, na azibue bomba la maji. Mtoto akiendelea kukohoa, mpeleke hospitali.

---

Nipo Doha. Dada mkubwa kasema kweli, ila kwa dirisha niongeze: Agosti usiliache wazi, unyevu wote utaingia. Zima kiyoyozi, fungua pande mbili dakika kumi, funga, washa tena kikaushe. Siku ya vumbi usifungue kabisa. Kuanzia Novemba ndiyo mfungue mpaka mchoke. Na kwa urefu huo, dirisha likiwa wazi mtoto asibaki chumbani peke yake.

Mkienda likizo kiangazi, msizime kiyoyozi. Sisi tulikwenda Mombasa wiki sita, tukazima tupunguze bili. Tuliporudi viatu vya ngozi vimeota manyoya ya kijani, na godoro tukalitupa. Sasa tunaacha 27, milango ya kabati wazi, na jirani ana ufunguo wa kuja kuangalia.