Tupeane uzoefu: maua ya uani yaliyowahi kumdhuru mbwa wako

Wakuu, salaam. Naanza mimi.

Nina kiuwanja Tegeta. Mwaka juzi nilinunua kwa wauza maua wa barabarani mtapo mkubwa, ule wanaouita saikasi, kama mnazi uliodumaa. Kumbe ni jike, ukazaa kokwa za rangi ya chungwa. Mbwa wangu mdogo, miezi 5, akazifanya mpira. Jioni akatapika mara nne. Asubuhi kachangamka, kala ugali na dagaa, nikasema yamekwisha. Siku ya tatu nikamwinua mdomo: fizi njano kama zimepakwa bizari. Daktari wa mifugo alipoiona kokwa niliyoitia mfukoni akatikisa kichwa. Sumu yake inalimaliza ini kimyakimya huku wewe unashangilia mbwa kapona. Jumapili haikumkuta.

Muuzaji alinieleza vizuri sana habari za jua na maji. Ya mbwa hakusema, wala mimi sikuuliza. Leteni yenu.

Mkazi wa Ngong
Pole sana ndugu. Langu ni lile ua linalochanua zambarau, kesho yake limepauka, keshokutwa jeupe kabisa. Bustani nyingi za Nairobi linalo, na kwa harufu yake ya jioni huwezi kulishuku. Mbwa alianza kupiga chafya, akatapika, kisha miguu ikakakamaa akaanza degedege. Wiki ileile nilikuwa nimezozana na jirani kuhusu kubweka kwake, basi nikaenda kugonga geti lake na kumwambia mbele ya watoto wake kwamba amemtegea sumu kwenye nyama.

Daktari alimtundikia dripu na kumpa dawa za kuzuia mishtuko. Kesho yake kwenye kinyesi zikaonekana mbegu na maganda ya matunda ya ua lile. Akaniambia dalili zake hufanana mno na za strikinini, sumu ambayo watu huwategea mbwa, ndiyo maana watu hugombana. Mbwa alipona. Nilirudi kwa jirani na kilo mbili za sukari. Alizipokea, lakini karibu ndani hakusema.

Babu wa Moshi
Nina olianda, kile kichaka chenye maua ya rangi ya waridi, tangu 2009, na mbwa watatu wanalala chini yake. Mnatia watu hofu bure.

Mwanzisha mada
Shikamoo babu. Olianda ni chungu, wengi huionja wakaitema. Kazi ipo kwa mbwa mchanga anayeota meno, anatafuna kila kijiti, hasa ukishapogoa ukayaacha matawi chini. Ile inashika moyo, mapigo yanavurugika.

Mama Mbili Tanga
Kwetu ni minyaa ya uzio. Mbwa wangu alipenya akimfukuza paka, utomvu ukamwingia jichoni. Nilimwagia maji safi karibu robo saa huku mwanangu kamshika kichwa. Jicho lilivimba siku kadhaa, likarudi.

Mkulima wa Singida
Mnyonyo jamani! Jirani yangu anakamua mafuta, akanipa mashudu niweke kwenye migomba. Yananukia kama chakula, mbwa akafukua usiku kucha. Akaharisha damu, siku mbili akafa. Sumu haiendi na mafuta, inabaki kwenye mashudu, na mimi ndiye niliyeyatandaza kwa mkono wangu.

Mhudumu wa mifugo
Naomba niseme moja, maana naletewa mbwa wakiwa wameshachelewa. Msimnyweshe maziwa wala mafuta kwa nguvu, vinaingia mapafuni. Chumvi ya kumtapisha nayo ni sumu nyingine. Toeni mabaki mdomoni, kateni tawi la mmea wenyewe mje nalo, na mje akiwa bado anatembea. Ukiniletea jani najua naanzia kwenye moyo au kwenye ini. Ukiniambia "amekula kitu" nabaki kubahatisha.

Mama Mbili Tanga
Ahsante daktari. Mwanzisha mada, hivi ule mtapo bado upo? Na ukiwa dume je, haudhuru?

Mwanzisha mada
Dume halizai kokwa dada, lakini majani na shina vina sumu ileile. Wangu niling'oa, kazi ya vijana wawili na sururu. Shimo sijalifukia. Mbwa wangu mkubwa amelifanya kitanda, mchana kutwa yumo humo.